Kosa Lililoonekana kwa Mashine Kuukuu Tu

Ndugu Mhariri ameniandikia akiniomba nichangie makala ya historia katika toleo hili la mkutano wetu wa wanafunzi wa zamani. Kwanza nilitaka kukataa. Historia ya shule yetu imekwisha kuandikwa na wenzangu katika matoleo yaliyotangulia, tena kwa ustadi: habari za ujenzi wa mabweni, za mechi zetu, za uji wa asubuhi na za walimu waliotulea. Mimi ni fundi wa kompyuta, na mafundi hatukuzoea kuandika. Lakini nikakumbuka kwamba mitambo nayo ina historia yake, na kwamba kipande kimoja cha historia hiyo kilipita shuleni kwetu mwaka 2013. Kilinifedhehesha mimi, na nusura kimharibie masomo kijana asiye na hatia. Naona ni wajibu wangu kukisimulia, hasa kwa ajili ya ninyi wanafunzi mlioko shuleni sasa.

Sisi tuliomaliza Kidato cha Nne mwaka 1979 tulilijua neno kompyuta kwa kulisoma tu. Mwaka 1974 Serikali ya Tanzania ilikuwa imepiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na marufuku hiyo ilianza kulegezwa kidogo kidogo miaka ya 1980. Kwa hiyo mimi nilikutana na kompyuta ya kwanza nikiwa mtu mzima, mwenye mke na mtoto, pale ofisi niliyoajiriwa ilipoletewa mashine moja, ikafunikwa kitambaa kama maiti, na sisi makarani tukakatazwa kuigusa. Tangu siku niliporuhusiwa kuigusa sijaacha. Nimeona mashine nyingi zikija zikiwa mpya na kuondoka zikiwa kuukuu, na nimeona makosa ya kila namna. Leo nataka nizungumzie aina moja tu ya kosa: lile ambalo programu inakuwa nzima kabisa kwenye mashine mpya, lakini ukiipeleka kwenye mashine ya zamani inagoma.

Ili tuelewane, hapana budi nieleze kwanza mfumo endeshi ni nini. Wote tunamkumbuka mtunza bohari wa shule. Ukitaka jembe, fagio, chaki au balbu, hukuingia bohari mwenyewe ukachukua. Ulikwenda dirishani, ukataja jina la kitu, naye akatazama leja yake, akakupa. Katika kompyuta, mfumo endeshi ndiye mtunza bohari. Programu haiwezi kuandika kwenye diski, wala kusoma saa, wala kuchora herufi kwenye skrini kwa nguvu zake yenyewe. Kila mara huenda dirishani kuomba, na huomba kwa jina. Sasa, mfumo endeshi wa zamani ni mtunza bohari mwenye leja ya zamani. Vitu vilivyoandikwa humo atakupa bila taabu. Ukimtajia kitu kilichoanza kununuliwa baada ya leja yake kufungwa, atakujibu kwamba hakijui. Wala hatakuwa amekosea.

Basi, mwaka ule wa 2013 shule yetu ilikuwa na chumba cha kompyuta chenye mashine 20. Zote zilikuwa za msaada, zimetumika kwingine kabla ya kufika kwetu, na zote zilikuwa na mfumo wa Windows XP, uliotoka mwaka 2001. Mashine ya 21, iliyokuwa mpya, ilifungiwa katika ofisi ya mwalimu wa taaluma, nayo ilikuwa na Windows 7. Mimi kwa kuipenda shule yangu nilijitolea kuandika programu ndogo ya kutunza alama za mitihani, ili walimu waache kujumlisha kwa mkono hadi usiku wa manane. Niliiandika nyumbani, kwenye mashine yangu yenye Windows 7, nikaijaribu wiki tatu.

Alhamisi niliifikisha shuleni, nikaiweka kwenye mashine ya ofisini. Ilifanya kazi vizuri, walimu wakafurahi. Tukapatana kwamba Jumamosi asubuhi nitaiweka kwenye mashine zote 20 na kuwafundisha walimu wote kwa pamoja. Ijumaa usiku, baada ya masomo ya jioni, mwalimu wa zamu alimkuta mwanafunzi wa Kidato cha Tatu peke yake ndani ya chumba cha kompyuta, akiwa na flashi mkononi. Jumamosi nilinakili programu kwenye mashine ya kwanza, nikaifungua. Haikufunguka. Ukatokea ujumbe wa Kiingereza wenye alama nyekundu. Mashine ya pili, vivyo hivyo. Zote 20 ziligoma, huku ile ya ofisini ikiendelea kufanya kazi kama kawaida.

Walimu walitazamana. Mmoja akasema, "Ni virusi. Yule kijana ameleta virusi." Hoja ilionekana kuwa na nguvu: mashine iliyofungiwa ilikuwa salama, na zile ambazo kijana alikuwa nazo usiku zote zilikuwa zimeharibika. Kijana akaitwa. Alisema, "Sikugusa kitu, mwalimu. Nilikuwa najifunza kuchapa." Aliulizwa mara tatu, akajibu maneno yale yale. Ndipo Mkuu wa Shule akanigeukia mimi, mtaalamu, akaniuliza, "Ndugu, yawezekana ikawa ni virusi?" Nami, ndugu wasomaji, niliitikia kwamba yawezekana. Jumapili kijana alipewa barua, akapanda basi kwenda kumleta mzazi wake.

Kabla sijaeleza mwisho wa mambo hayo, inafaa nirudi nyuma kidogo katika historia, kwa sababu jibu lilikuwa limejificha humo.

Windows 95 ilitoka mwaka 1995, ikafuatwa na Windows 98. Ndani ya mifumo hiyo mlikuwa na saa iliyohesabu muda uliopita tangu mashine iwashwe, kwa vipimo vya sehemu ya elfu moja ya sekunde. Hesabu yake iliwekwa katika nafasi ya biti 32, na nafasi hiyo ina uwezo wa kubeba namba 4,294,967,296 tu, kuanzia sifuri. Ukizigawa kwa siku utapata siku 49, saa 17 na dakika 2 hivi. Baada ya hapo saa hurudi kwenye sifuri, kama vile kipimo cha maili cha gari la zamani kinavyorudi kikimaliza tarakimu zake. Mwaka 1999 kampuni ya Microsoft ilitangaza kwamba mashine yenye Windows 95 au Windows 98 ikikaa imewashwa siku 49.7 mfululizo huweza kuganda, ikatoa na marekebisho. Kosa hilo lilikaa miaka bila kutambuliwa, kwa kuwa ni mashine chache mno za siku zile zilizoweza kukaa muda huo wote bila kuzimwa au kugoma kwa sababu nyingine.

Kosa la pili la enzi hizo lilihusu mwendo. Mwaka 1998 kampuni ya AMD ilikuwa ikiuza prosesa za K6-2 zenye mwendo wa megahezi 350 na zaidi. Watu walizinunua, wakaziwekea Windows 95, na mara nyingine mashine ikawa inasimama wakati wa kuwaka. Ukiizima na kuiwasha tena, pengine inawaka. Kwa Windows 98, prosesa ile ile haikuleta taabu. Watu wengi walidhani prosesa ni mbovu. Ukweli ni kwamba ndani ya Windows 95 mlikuwa na sehemu iliyopima mwendo wa prosesa kwa kuipa kazi ya kuzunguka mara nyingi na kutazama imetumia muda gani. Prosesa hii mpya ilimaliza mizunguko upesi mno hata muda uliopimwa ukasomeka kuwa sifuri. Kisha mfumo ukajaribu kugawanya kwa sifuri, jambo ambalo hata mwanafunzi wa darasa la tano anajua haliwezekani. Walioandika mfumo huo hawakuwa wajinga. Walipokuwa wakiuandika, prosesa ya mwendo ule haikuwepo.

Jambo la namna hiyo hiyo liliwapata walioandika programu kwa Turbo Pascal. Programu zao zilizofanya kazi miaka mingi zilianza kukataa, zikitoa kosa namba 200, mara zilipowekwa kwenye prosesa za Pentium II. Hapo napo palikuwa na kipimo cha mwendo, na jibu lake likawa kubwa kuliko nafasi iliyotengwa kulipokea.

Makosa yote hayo yana asili moja. Mwandishi wa programu aliamini jambo fulani kuhusu mashine, akaliacha bila kuliandika popote, na siku likibadilika programu inaanguka.

Sasa nirudi kwenye kisa chetu. Jumamosi ile, kwa mazoea tu, nilikuwa nimenakili ujumbe wa kosa kwenye kipande cha karatasi, herufi kwa herufi. Jumapili jioni nilipofika nyumbani nikakikuta mfukoni. Nilipousoma kwa utulivu, ulisema hivi kwa maana yake: mlango wa kuingilia taratibu iitwayo GetTickCount64 haukupatikana ndani ya faili la KERNEL32.dll. Nilihisi jasho likinitoka. Virusi hawaandiki ujumbe wa namna hiyo. Yule alikuwa mtunza bohari, akisema kwa adabu kwamba kitu kilichoombwa hakimo katika leja yake.

Na aliyekiomba ni mimi. Kwa kuwa umeme shuleni hukatika mara kwa mara, nilikuwa nimeiagiza programu ihifadhi alama kila baada ya dakika tano. Ili ijue dakika tano zimepita, ilibidi isome ile saa ya mfumo. Nami, kwa kukumbuka kisa cha siku 49.7, nikajiona mwerevu: sikuomba saa ya zamani ya biti 32, iitwayo GetTickCount, nikaomba saa mpya ya biti 64, isiyoweza kujaa katika maisha ya mtu. Saa hiyo iliingia katika leja pamoja na Windows Vista, iliyouzwa kwa umma kuanzia mwaka 2007. Windows XP haikuwa nayo. Na mfumo unapofungua programu, hukagua kwanza majina yote yaliyoombwa. Jina moja likikosekana, programu nzima haifunguliwi. Dawa ya ugonjwa wa mashine za 1995 ndiyo iliyoziua programu zangu kwenye mashine za 2001.

Nilikuwa na kompyuta moja kuukuu chini ya meza, yenye Windows XP, ambayo hakuna mwanafunzi aliyewahi kuigusa. Niliifuta vumbi, nikaiwasha, nikaiwekea programu yangu. Ujumbe ule ule ukatokea, neno kwa neno. Hapo nikatambua kosa la hoja yetu ya Jumamosi. Mashine ya ofisini ilitofautiana na zile 20 kwa mambo mawili: ilikuwa imefungiwa, na ilikuwa na mfumo mpya. Sisi tulichukua tofauti moja, ile iliyotupatia mtu wa kumlaumu, tukaiacha ya pili. Tena hakuna aliyeuliza swali jepesi kuliko yote: je, programu hii imewahi kufanya kazi kwenye hizi 20 hata siku moja? Haikuwahi. Tulisema imeharibika, hali haikupata kuwa nzima.

Jumatatu asubuhi nilimpigia simu Mkuu wa Shule nikamweleza yote bila kujificha. Kijana alirudi Alhamisi, pamoja na baba yake aliyeacha shamba na kutumia nauli ya watu wawili kwa ajili ya kosa langu. Mkuu wa Shule aliifuta barua ile mbele yao, nami nilirudisha nauli. Jumamosi iliyofuata nilikwenda mwenyewe kumwomba radhi kijana. Alinisalimu, "Shikamoo mzee," akasikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza, "Kwa hiyo, mzee, ile mashine ilikuwa inasema kweli tangu mwanzo?" Nikamjibu ndiyo. Akasema, "Na mimi pia." Sikuwa na neno la kuongeza.

Kuitengeneza programu kulichukua saa moja. Niliiagiza imuulize kwanza mtunza bohari kama saa mpya ipo. Kama haipo, itumie ya zamani, kwa hesabu ya kutoa inayofuata uso wa saa. Kutoka saa kumi na moja hadi saa mbili ni saa tatu, ingawa mbili ni ndogo kuliko kumi na moja. Hesabu ya namna hiyo haisumbuliwi na saa kurudi sifuri. Mashine zote 20 ziliikubali.

Baadaye makosa ya jamaa hiyo yaliendelea kuja. Microsoft iliacha kuihudumia Windows XP tarehe 8 Aprili 2014, na Windows 7 tarehe 14 Januari 2020. Mwaka 2017 vivinjari vikubwa vya intaneti viliacha kukubali vyeti vya usalama vya aina ya SHA-1, na tovuti zikatumia SHA-256. Hapo ndipo nilipokuta mashine mbili pacha, zote za Windows XP, moja ikiitambua aina mpya ya vyeti na nyingine ikikataa kabisa. Ile ya kwanza ilikuwa na Service Pack 3 ya mwaka 2008, iliyoleta uwezo huo. Ya pili iliishia Service Pack 2. Tarehe 30 Septemba 2021 nacho cheti mama kimoja, kilichotegemewa na tovuti nyingi zinazopewa vyeti na Let's Encrypt, kiliisha muda wake. Mashine na simu za zamani ambazo hazikuwa zimepokea cheti mama kipya zilianza kulalamika, wakati tovuti zenyewe zilikuwa nzima. Na mara nyingine chanzo huwa betri ndogo ya volti 3 iliyo kwenye ubao wa mashine: ikifa, tarehe hurudi nyuma miaka mingi, na cheti cha leo kikaonekana hakijaanza kutumika.

Kutokana na hayo yote, nawaachia wanafunzi nasaha chache za ufundi. Kwanza, soma ujumbe wa kosa hadi mwisho, uunakili kama ulivyo. Pili, andika jina la mfumo endeshi pamoja na daraja lake kamili, maana kusema "XP" peke yake hakutoshi. Tatu, tazama tarehe ya mashine kabla ya kitu kingine chochote. Nne, uliza kama jambo hilo limewahi kufanya kazi kwenye mashine hiyo, na lini. Tano, tafuta mashine mbili zinazotofautiana kwa jambo moja tu. Zikitofautiana kwa mawili, bado hujajua lolote. Na sita, usimtaje mtu mpaka umeyamaliza hayo matano.

Sitaki mdhani kwamba habari hizi ni za kale. Mifumo mingi ya biti 32 huhesabu sekunde tangu tarehe 1 Januari 1970, na hesabu yake inaishia 2,147,483,647. Namba hiyo itatimia tarehe 19 Januari 2038, saa kumi na mbili na dakika 14 na sekunde 7 asubuhi kwa saa za Afrika Mashariki. Mifumo mipya imekwisha kutayarishwa. Linux, kwa mfano, iliweka njia ya kuvuka tarehe hiyo kwa mashine za biti 32 katika toleo la 5.6 la mwaka 2020. Mashine zitakazobaki na mifumo ya zamani ndizo zitakazokosea, tena peke yake, huku mpya zikiendelea na kazi. Mimi siku hiyo nikiwa hai nitakuwa kikongwe. Ninyi mlio Kidato cha Kwanza leo mtakuwa makazini, katika hospitali, benki, viwanda na shule. Asubuhi ile mtu atasimama mbele ya mashine iliyogoma, atageuka nyuma kutafuta nani aliigusa jana usiku, na huenda akawauliza ninyi, wataalamu, kama yawezekana. Msijibu haraka kama nilivyojibu mimi. Someni kwanza kilichoandikwa kwenye skrini.